Vikuku Vyako Havikukatwa

Mpendwa dada,

Mtoto wako alivimba miguu. Nakuambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu wewe peke yako, kati ya wote waliolala kwenye kilima hiki, unajua maana yake. Riziki, yule uliyemwacha duniani akiwa bado amelowa damu yako, sasa ni mwanamke. Ameolewa, na mwaka huu alishika mimba ya kwanza. Mimba ilipokuwa imekua sana nilimkuta ameketi mlangoni, uso umejaa hadi macho yamekuwa madogo, na vikuku vya miguuni vimezama ndani ya nyama. Wanawake walimzunguka wakicheka kwa furaha. Mmoja alisema, "Angalia miguu! Iko sawa miguu ya bibi ya chefu!"

Nilisimama palepale, na harufu ya kibanda chako ikanirudia puani.

Nimeandika barua nyingi maishani mwangu, karibu zote za kugombana. Nimewaandikia mapadri, nimemwandikia chefu, mkuu wa kilima chetu, nimeyaandikia magazeti ya Wazungu ambayo hayakunichapa hata mstari. Hii ndiyo ya kwanza ninayokuandikia wewe, na hukujua kusoma hata ulipokuwa hai, kwa kuwa baba alisema daftari la msichana ni la kuwashia moto. Basi naiandika wazi. Jumapili nitasimama nje ya mlango wa kanisa niisome kwa sauti. Atakayeziba masikio na azibe kwa nguvu, maana sauti yangu unaijua.

Wewe ndiwe uliyenifundisha kugombana. Unakumbuka shamba letu la maharage, lile la mteremkoni juu ya kahawa ya Mzungu? Kapita wake, msimamizi wa vibarua, alikuwa na tabia ya kupanda njia yetu na kupiga teke vikapu vya wanawake, eti vinaziba njia. Wengine waliinama wakaokota maharage yao mmoja mmoja. Wewe ulingoja amalize kucheka, ukampiga kwa mpini wa jembe katikati ya magoti. Aliteremka akibingirika hadi kwenye kahawa ya bwana wake. Baba alikuchapa jioni ile kwa kumwogopa Mzungu, nawe ulilia kwa hasira tu, ukaniambia, "Bwana Kalamu, wewe utawapiga na maandiko. Mimi niko na mpini." Tangu siku hiyo hukuniita jina lingine.

Ulipoolewa, mama mkwe wako alikuketisha kwenye mkeka akakuvisha butega, vile vikuku vyembamba vya nyuzi za msituni, kimoja juu ya kingine, kuanzia kifundo cha mguu kwenda juu. Alivipaka mafuta hadi vikang'aa. Sisi ni Wakristo wa siku nyingi, tunabatizwa, tunaimba, tunatoa sadaka, lakini butega hakuna padri aliyeweza kutuvua. Mwanamke huvishwa siku anapoingia kwa mumewe, na hukatwa vikuku hivyo siku mumewe anapozikwa. Ukikata kabla, umemwita mumeo kaburini. Hivyo ndivyo tulivyonyonyeshwa na maziwa ya mama.

Kisha vita vya Wazungu vikaja, vita ambavyo hatukuvijua vilianzia wapi wala nani alimtukana nani. Wakataka madini. Walimchukua bwana yako na kamba kiunoni kama mbuzi wa soko, wakampeleka Walikale, kwenye mashimo ya Omate, na kukuacha na tumbo changa kwa mama yake.

Nilikuja likizo kutoka shule ya misioni nilikokuwa nafundisha, nikakukuta unakunywa maji kama mtu aliyekula makaa ya moto. Ulimaliza kibuyu, ukaomba kingine, kisha ukaenda nyuma ya nyumba, ukarudi, ukaomba tena. Na pale nyuma ya nyumba, palipokuwa na mikojo yako, sisimizi walijipanga kama askari kwenye gwaride. Mawifi zako walikufa kwa kicheko, mmoja akakuita kwa jina:

"Mwamini, ulimeza muzinga ya nyuki?"

"Njo vile," ukawajibu. "Mutoto wangu atazaliwa na asali. Ya kwenu inazaliwaka na makamasi."

Tulicheka wote, dada. Tumbo lako lilikuwa kubwa kupita miezi yake, na kila mtu alisema ni baraka. Miguu ikavimba, wakasema ni baraka. Uso ukavimba, wakasema umenona, mama mkwe anakulisha vizuri. Kisha ukaanza kushika kichwa. Uliniambia, "Bwana Kalamu, kichwa iko inapigwa ngoma ndani. Na naona vimulimuli mchana." Ukanyosha mkono mbele ya uso, kwenye jua kali, kujaribu kuwashika.

Kilichofuata wanakijua wazee wote wa kilima hiki, na kwa miaka yote wamekisimulia kwa uongo. Leo nitakisimulia mimi.

Dispensari ilikuwa kwenye shamba la Mzungu, mwendo wa asubuhi hadi mchana kwa mtu mzima wa miguu. Wewe hukuweza kusimama. Nyuzi zilikuwa zimekata ngozi, na kila ulipokanyaga damu ilichuruzika juu ya kisigino. Nikaomba kisu. Mama mkwe wako akajilaza juu ya miguu yako kama kuku juu ya mayai. "Hapana kukata! Mutoto wangu iko ndani ya shimo! Jiwe iko juu ya kichwa yake sasa hivi, na weye unataka kukata?" Wanaume wa boma wakanishika. Walikuwa wengi, nami nilikuwa mwalimu mwembamba. Wakanitupa nje.

Nikasema basi, abebwe na vikuku vyake. Nikakimbia hadi jite, ile nyumba ya wageni wa serikali, kwa sababu tipoye ilikuwa imesimama pale, kiti cha kubebea Wazungu mabegani, chenye mito na paa la turubai. Bwana administrateri, mkuu wa Wazungu wa wilaya, alikuwa anatazamiwa kesho yake. Siku hiyo kiti kilikuwa kitupu. Wabebaji walikuwa wamelala kivulini. Niliwaambia dada yangu anakufa. Wawili waliinuka. Polisi wa chefu akawauliza kama wamechoka kuishi, wakaketi tena.

Nikaishika ile tipoye peke yangu nikaanza kuiburuta barabarani, na mito ikidondoka. Hebu cheka, dada, kwa maana ungenicheka: mwalimu mwenye soksi anaburuta kiti cha Mzungu kama punda. Polisi wa chefu wakanilaza chini mbele ya jite, wakanivua suruali, wakanipiga fimbo ya ngozi ya kiboko mbele ya watoto niliowafundisha kuhesabu. Chefu mwenyewe alisimama akitazama. Alisema, "Kiti ya serikali, ya Bula Matari, hapana ya kubeba matako ya mwanamuke." Hayo ni maneno yake. Amekufa sasa, wamemjengea kaburi la saruji, na mimi kila nipitapo hapo hutema mate.

Nilirudi nikiwa nimelowa damu kutoka kiunoni kwenda chini, nikakuta kibanda kimejaa watu. Umetikisika. Umekaza mwili kama ubao, macho yamegeuka, povu limetoka, kisha mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Umeuma ulimi hadi ukakatika. Na juu yako, amepiga magoti na msalaba mkononi, katekista. Alikuwa kijana bado, mwenye ndevu za kwanza.

"Muntu hatikisikake bure," alikuwa anasema. "Taja jina. Nani alikuingilia wakati bwana yako iko Omate? Taja, mutoto atoke."

Wazee wa zamani walisema hivyo, na sasa Wakristo nao wanasema hivyo. Tofauti ni msalaba tu. Walikutaka utaje jina, na ulimi ulikuwa umekatika mdomoni mwako! Ulifungua macho mara moja. Ulimtazama. Nikaona mkono wako unapapasa kwenye mkeka, kulia na kushoto, na mimi peke yangu katika kile kibanda nilijua unatafuta nini. Ulikuwa unatafuta mpini.

Mtoto alitoka ukiwa hujitambui, mkubwa, mzito, mwekundu. Ukatikisika tena. Ukanyamaza. Jirani yetu aliyekuwa na mtoto mchanga alimpokonya Riziki mikononi mwa wakunga akamtia ziwa mdomoni palepale, bila kumuuliza mtu, na hiyo ndiyo sababu yuko hai. Wewe tulikuzika na butega yako. Hata ulipokuwa maiti hawakuikata, maana mume alikuwa hai Omate. Na kweli alikuwa hai, dada. Alirudi baadaye, akaoa mwingine, akazeeka akinywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kusema kwamba mke wake wa kwanza alikufa kwa siri zake.

Baada ya hapo nilisoma. Nilisoma kila karatasi iliyokuwa na herufi. Niliiba kitabu cha waganga, kwa Kifaransa, kutoka kabati la Mzungu mmoja, nikakisoma na kamusi hadi jalada likachakaa. Na ninataka wote wanaonisikia pale mlangoni wasikie hili. Si uzinzi. Si uchawi. Ni mimba inayofanya damu isukume ndani ya mishipa kwa nguvu kupita kiasi. Figo zinavuja, maji yanajaa miguuni na usoni, kichwa kinauma, macho yanaona mwanga usiokuwepo, na mwisho ubongo wenyewe unatikisa mwili. Na wale sisimizi walikuja kwa sababu mkojo wako ulikuwa na sukari. Mwili wako ulishindwa kuitumia sukari, mtoto akanenepa kwayo, na mwenye ugonjwa huo hushikwa kwa urahisi zaidi na ule mwingine. Ndiyo asali yako, dada. Tulikuwa tunacheka kifo chako.

Wazungu wenyewe hawajui chanzo chake, kitabu kinakiri. Lakini wanajua kuupima. Wanajua kwamba mwanamke akiwahi, anaweza kupona. Walijua hivyo wakati ule walipokuwa wanapima kahawa yetu kwa mizani na kuacha wake zetu bila kupimwa. Dispensari ile ilikuwa ya kurudisha vibarua shambani, na mwenye mimba hakuwa kibarua. Kwa hiyo siwaachi. Lakini na sisi pia situachi. Kuna watu wanaovaa tai siku hizi, wanasoma kama mimi, wanataka uhuru kesho asubuhi, na nyumbani kwao wanamwambia mke mwenye kichwa kinachouma aungame. Uhuru huo wataufanyia nini? Wataubeba ndani ya tipoye?

Sasa nikueleze kuhusu mtoto wako.

Siku ile nilipomkuta mlangoni nilimuuliza kama kichwa kinauma. Akasema kinauma tangu juzi. Nikamuuliza anaona nini. Akasema, "Nyota, mujomba. Nazifukuza, zinarudi." Nilikwenda nyuma ya nyumba kutazama chini. Sisimizi walikuwa kazini.

Safari hii hospitali ipo, chini huko Masisi. Lakini mlango wa nyumba ile una mama mkwe, naye anaitwa Mama Feza, na mwanawe Josefu, mume wa Riziki, yuko wapi? Yuko Omate. Mashimo yaleyale. Ni kama nchi hii ina wimbo mmoja tu.

Mama Feza alikaa kizingitini, miguu huku, mgongo kule.

"Hatoki," akasema.

"Mama Feza, ondoka."

"Kule hospitali banakata butega. Kila mwanamuke anaingiaka nayo, anatokaka miguu tupu. Nilisikia. Mutoto wangu iko shimoni. Weye uko na mutoto shimoni, Kalamu? Hapana. Weye uko na vitabu."

"Riziki atakufa."

"Ao Josefu. Unichagulie?"

Sina budi kusema kweli hata inaponichoma: alikuwa ameng'ang'ania kizingiti kwa mikono yote miwili. Hakuwa mkatili. Alikuwa mama mwenye mwana mmoja chini ya mawe. Lakini mimi sikuwa na nafasi ya huruma siku hiyo. Nilimshika mkono nikamvuta. Akaniuma. Aliniuma hapa, kwenye kifundo cha mkono wa kuandikia, akatoa damu, na meno yake yote bado anayo. Nilipiga kelele. Nilimtukana matusi ambayo sijawahi kuyaandika, naye akanirudishia mengine mapya, mazuri sana, ningeyaweka hapa kama barua hii isingesomwa Jumapili.

Katika kelele hiyo akaingia yule katekista wako. Ndevu zimekuwa nyeupe, tumbo limekua, msalaba ni uleule. Amesikia kwamba Riziki anaona nyota. Akaniweka kando kwa kiwiko, akamwinamia.

"Binti, kabla ya njia ni kuungama. Bwana yako iko mbali. Kama kuna jina..."

Sikumwacha amalize. Nilimkamata kola, nikampigiza kwenye ukuta, udongo ukatumwagikia kichwani sote wawili. Nilikuwa na miaka mingi ya kumpiga, dada, nilikuwa nimeihifadhi yote. Nilikuwa nimeinua ngumi. Na hapo Riziki akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Mujomba, muache. Nitamuhitaji."

Tuligeuka. Alikuwa na kisu cha kumenyea ndizi.

Mama Feza akapiga yowe. Riziki hakumtazama. Aliingiza ncha ya kisu chini ya uzi wa kwanza, mahali nyama ilipouficha, akavuta. Uzi uliruka. Maji na damu vikatiririka. Akaingiza tena. Kila uzi ulipokatika Mama Feza alilia "Josefu!" kana kwamba anamwona akianguka, na Riziki akaendelea, meno yameuma midomo, jasho linamtoka kwenye ule uso uliojaa.

"Mama," akamwambia, "Josefu akikufa, jiwe njo itamuua. Kamba yangu hapana. Mimi nampenda kupita weye, na nakata."

Kisha akamnyoshea katekista kisu, mpini mbele. "Papa katekista, uko na mabega mazuri. Kama unataka jina, jina ni lako. Utabeba mbele."

Dada, ungekuwepo. Ile tipoye ya jite bado iko, Wazungu wanakuja kwa motokari siku hizi, panya wamekula mito. Hatukuomba ruhusa. Wanaume waliokuwa wakichungulia walichukua nyuma, mimi na katekista mbele, na tulishuka kilima kile na mtoto wako ameketi mahali palipokatazwa matako yako. Katekista alilalamika njia nzima. "Natenda dhambi gani, Bwana, nibebe mwanamuke wa watu kama Mubeleji?" Nikamwambia abadilishe bega. Mama Feza alifuata nyuma, akilia na kututukana, lakini alifuata.

Hospitalini walimfunga mpira mkononi wakaupuliza, na munganga, daktari wa pale, alipotazama ile saa yake ya kupimia nguvu ya damu uso ukambadilika. Wakachukua mkojo katika chupa nyembamba, wakauchemsha juu ya moto. Ukaganda, ukawa mweupe kama yai, ishara ya figo zinazovuja.

"Munapika mikojo?" akauliza Mama Feza.

"Tunapika, mama," munganga akasema bila kugeuka. "Keti, tutakupimia yako."

Wakachanganya mkojo mwingine na dawa ya buluu, wakachemsha, na ile buluu ikageuka rangi ya tofali. Ndiyo sukari. Niliitazama chupa ile nikalia mbele ya watu, nisiyelia. Ulikuwa ndani yake, dada. Wewe, kibuyu chako na sisimizi wako.

Walimlaza kwenye chumba cha giza wakakataza makelele, nami nikatolewa nje kwanza kabisa. Alitikisika mara moja. Nilisikia kitanda kikigonga ukuta, nikaenda kusimama kwenye mti nikaupiga ngumi hadi ngozi ya vidole ikachanika. Wakamchoma sindano, akatulia. Wakamtoa mtoto kwa kisu, kabla ya wakati wake, msichana mkubwa wa mashavu. Anaishi. Riziki anaishi. Ulimi wake uko mzima, na anautumia.

Na Josefu? Hilo ndilo kilima kizima kilingojea. Kila mgeni aliyetoka njia ya Walikale aliulizwa kabla ya kupewa maji. Watu walishaanza kumsalimia Riziki kwa sauti ya matanga. Yeye alikaa uani na miguu yake mitupu yenye makovu, ananyonyesha, anangoja kama wote, na sitakudanganya kwamba hakuogopa. Nilimwona akitazama ile njia.

Josefu alirudi kwa miguu, mwembamba, amefunga kitambaa kwenye mkono. Jiwe lilimsaga kidole.

Mama Feza aliushika ule mkono akauinua juu, akaja nao hadi usoni kwangu. "Kidole! Unaona? Unaona kidole?"

"Kidole kimoja, mama," Riziki akasema. "Mimi mungenizika mwili muzima."

Josefu alitazama miguu ya mkewe muda mrefu. Akauliza, "Ilikuuma?" Riziki akasema ndiyo. Josefu akamchukua mtoto kwa mkono ule mzima, akaketi kando yake. Hakuna aliyezungumza tena habari hiyo, isipokuwa mimi, ambaye sijui kunyamaza.

Lakini nimegundua jambo. Mama Feza alikuwa ameziokota zile nyuzi zote kutoka sakafuni siku ile. Sasa amezifunga kwenye kidole cha mwanawe, moja juu ya nyingine, zimepakwa mafuta, zinang'aa. Nilifungua mdomo nimwambie neno. Nikaufunga. Kidole kinapona, na zile nyuzi haziko tena miguuni mwa mtu.

Lala sasa, dada, na miguu yako uliyozikwa nayo imefungwa. Ya binti yako iko wazi, na mume wake yuko hai, anakula maharage ya lile shamba la mteremkoni. Mpini wako wanao sasa nyumbani mwao. Mimi nimebaki na kalamu, na Jumapili nitaipeleka mlangoni.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Kalamu